Debe Moja la Mpunga wa Bibi

Siku ya kwanza bibi yule alipoleta mpunga wake kwenye mashine yangu ya kukoboa pale Iyunga, Mbeya, alikuja na ufagio wake mwenyewe. Ulikuwa ufagio mfupi wa majani ya nyikani, umefungwa kwa kamba ya katani, wa kufagia mtu akiwa amekunja mgongo. Alikuja na mwanawe, baba mzima mwenye watoto wake, na magunia kumi na mawili juu ya lori la kukodi. Nilidhani ufagio ni wa kusafishia lori. Kumbe ni wa sakafu yangu.

Bibi alisimama kwenye mdomo wa mashine tangu gunia la kwanza hadi la mwisho, khanga imemjaa pumba, hataki kiti, hataki chai. Mashine ilipozimwa, mwanawe akainama akafagia. Alifagia chini ya mashine, akafagia nyuma ya magunia ya wateja wengine, akachokonoa ufa wa sakafu kwa njiti. Kila punje yenye ganda aliiokota. Zilipotimia kiganja akazimimina kwenye mdomo wa mashine, akaniomba niwashe tena.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikamwambia, "Bibi, umeme wenyewe huu tunaubembeleza. Niwashe mashine nzima kwa kiganja kimoja? Unadhani nitakuibia punje ishirini?"

"Siyo wewe, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma ingawa kwa umri ningetosha kuwa binti yake. "Hii mpunga haitoki kwangu na nguo yake. Ikishavua, chukueni, kuleni mshibe."

Nikawasha.

Mkulima hahitaji kuelezwa, lakini asiyelima ajue hivi: mchele hauoti. Ukishatoa ganda umebaki chakula, basi. Mpunga wenye ganda ndio mbegu, na mbegu ya bibi haikuwa ya kununua dukani. Alikuja nayo kutoka Usukumani akiwa mke kijana, imefungwa kwenye pindo la nguo, wakati ukoo wa mumewe ulipohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Aliipanda Madibira kabla wengi hawajajua Madibira itakuwa mahali pa skimu ya umwagiliaji, na mifereji na majaruba yake ya mpunga. Ng'ombe waliisha, mume akafa, mbegu ikabaki. Msibani kwa jirani alipeleka mchele uliokwisha kukobolewa. Binti zake walipoolewa mbali aliwapa masufuria na ndama, mbegu hakuwapa. Na mchele huo, ukiupika nyumba ya tatu, mtu anayepita barabarani anasimama kuuliza kuna shughuli gani humo ndani.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anasafiri mbali hivyo na mashine ziko tele huko huko Usangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Kule kila mwenye mashine ana jaruba. Wewe Mswahili una jaruba wapi? Wewe una lami tu."

Aliniita Mswahili, kama majirani zetu wa Kihesa, Iringa, walivyotuita tangu nikiwa mdogo. Babu yangu alipanda kutoka pwani kuja Iringa kufanya biashara, sisi tukazaliwa kwenye baridi, lakini kwa kuwa tunaswali na kuvaa baibui tulibaki Waswahili. Sikuwahi kukasirika. Kwa bibi nilikuwa "Mswahili wangu," na hilo neno "wangu" nililipenda.

Msimu wa tatu mwanawe alifagia harakaharaka, bila njiti. Msimu wa nne alikaa kwenye kiti, akanywa chai yangu, akaniachia mimi nifagie. Msimu wa tano magunia yalikuja peke yake na dereva, pamoja na salamu. Nimewahi kupewa vyeti vya kila aina vya mfanyabiashara bora, vimetundikwa ofisini vinaliwa na mende. Hakuna hata kimoja kilichonivimbisha kichwa kama magunia yale yaliyokuja bila mlinzi. Nilikuwa nafagia mwenyewe, kwa mkono wangu, naokota punje, nawasha mashine kwa ajili ya kiganja kimoja, na vibarua wangu wananicheka. Nawaambia wacheke tu.

Sasa niiseme chemba, maana huko ndiko nilikochomwa.

Chemba yetu haikuwa ile kubwa ya wafanyabiashara wa nchi nzima. Ilikuwa chama kidogo tulichokianzisha wenyewe, watu wa nafaka, wa mbao, wa vipuri na wachache wa viazi, tukakiita chemba kwa sababu jina lilikuwa na heshima na lilifaa kwenye mhuri. Tulipanga chumba kimoja juu ya duka la dawa, tukaweka meza ndefu na viti vya plastiki. Nikisema ilikuwa haina maana nitakuwa mwongo. Kabla yake, ukiwa na shida na ushuru wa mazao ulikwenda peke yako, ukakaa kwenye benchi la halmashauri mpaka makalio yafe ganzi. Baada yake tulikwenda watu sita na barua yenye mhuri, tukaitwa ndani siku hiyo hiyo. Anayepeleka mzigo ng'ambo ya mpaka wa Tunduma kwa mara ya kwanza tulimwandikia barua ya utambulisho, tukampa namba za watu wa kule wanaoaminika. Mnunuzi mgeni akija Mbeya hajui pa kuanzia, alipanda ngazi zetu, akakuta kwenye meza ndefu sampuli za kila mwanachama kwenye mitungi ya kioo, na jina la mwenye mali limebandikwa. Kutunza meza ile ilikuwa kazi yangu. Niliifuta vumbi kila Jumatatu kama madhabahu.

Mwenyekiti wetu nilimwita Baba Mdogo, na sikumwita kwa kujipendekeza. Alikuwa rafiki wa baba yangu tangu Iringa. Alifika mjini kijana asiye na ndugu, akala kwetu Kihesa miaka, akaazima baiskeli ya baba mpaka watu wakadhani ni yake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza. Mimi nilipohamia Mbeya na kuanza biashara ya mashine, wanaume wa soko wakinitazama kama mtoto aliyepotea, alinishika mkono akanipandisha ngazi zile za chemba. Alinifundisha kusema kikaoni. "Simama, sema jambo moja, kaa. Ukisema mawili watachagua kujibu lile jepesi." Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ya mtu anayekutilia chai. Ningeambiwa niweke mkono wangu motoni kwa ajili ya binadamu mmoja Mbeya nzima, ningeuweka kwa ajili yake, na hina yangu juu.

Mwaka ule chemba ilipata habari kwamba wanunuzi kutoka nchi jirani watakuja kwenye maonyesho ya Nane Nane, na kwamba wanatafuta mchele wenye harufu, unaojulikana ulikotoka. Kikaoni nikasimama, nikasema jambo moja. Nikasema kuna mchele wa bibi mmoja Madibira, na kwamba madalali wanauchanganya na michele ya ajabuajabu na kuuuza kwa jina lolote. Chemba ifanye kazi yake. Isimamie mchele ule upate jina lake, na jina liandikwe la bibi na jirani zake, ili mtu akitaka mchele wa bibi aende kwa bibi.

Wakapiga makofi. Baba Mdogo akasema hilo ndilo jambo ambalo chemba iliundwa kulifanya. Kisha, wakati tunashuka ngazi, akanishika bega.

"Mwanangu, hawa wageni ni wajuzi. Wanataka kuona mpunga na mchele pamoja, wahakikishe ni kitu kimoja. Tusipowaonyesha mpunga watasema tumechanganya. Niletee debe moja."

"Bibi hatoi mpunga, Baba Mdogo."

"Kwa dalali hatatoa. Kwako je?"

Alijua pa kubonyeza. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu sipendi watu wanaosimulia walivyodhulumiwa kama vile wao walikuwa wamelala. Niliposikia "kwako je," kichwa kilivimba. Nilijiona mimi ndiye daraja. Tena ilikuwa inasemwa kwamba uchaguzi ujao nitakuwa makamu wake.

Nikaenda Madibira. Bibi alikuwa uani anapepeta, akanikaribisha kwa Kisukuma, nikajibu vibaya kama kawaida, tukacheka. Nilipomwambia kilichonipeleka aliacha kupepeta. Hakugomba. Alisema tu hapana, akaanza tena kupepeta, na ungo ukawa unanijibu badala yake.

Nilikaa siku mbili. Nilimweleza chemba ni nini. Nilimwambia dalali anaogopa mhuri kuliko anavyoogopa polisi. Nilimwambia siku moja atakufa na mchele wake utabaki kuitwa jina la mtu aliyeununua kwa gunia la lumbesa. Mwanawe alikuwa upande wangu, alichoka kudanganywa na madalali. Lakini bibi hakuwa anasikiliza hoja. Alikuwa ananiangalia mimi, jinsi ninavyokaa, jinsi ninavyokula, kama mtu anayemkagua ng'ombe kabla ya kumpokea.

Asubuhi ya tatu aliingia kwenye chumba cha mbegu, ambacho mkwe wake mwenyewe haingii, akatoka na debe limejaa, juu limefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Nimekupa wewe," akasema. "Hiyo chemba sijaipa. Siijui."

"Itarudi, bibi. Tukishawaonyesha nitairudisha na nguo yake."

"Wewe ndiyo najua," akasema.

Nilisafiri na debe lile limekaa mapajani. Nilimkabidhi Baba Mdogo mkononi, nikamwambia maneno ya bibi kama alivyoyasema, na masharti ya kurudisha. Alilipokea kwa mikono miwili, akaguna kwa heshima.

Maonyesho yalikuwa mazuri. Mtungi mmoja wa mpunga na mmoja wa mchele iliwekwa mbele kabisa ya meza. Mimi nilipika sufuria baada ya sufuria nyuma ya banda, wageni wakaja wakifuata harufu. Walionja, wakaandika, wakaomba namba. Siku ya mwisho nikauliza debe liko wapi. Baba Mdogo akasema wageni wameomba waende nalo wakapime kwenye maabara yao, angewakatalia vipi na wao ndio wanunuzi? Nilitaka kubisha. Lakini alisema kwa ile sauti ya kutilia chai. Akaongeza kwamba kule kwao ni baridi, hauoti. Nikayameza hayo pia, mimi niliyezaliwa Iringa na ninayejua kwamba jirani zetu hao hawana baridi kuliko sisi. Nilimpigia bibi simu nikamwambia debe limekwenda kupimwa. Aliniuliza kama watoto wangu hawajambo.

Habari ya jina ikalala. Kila kikao niliuliza, kila kikao nikaambiwa mchakato unaendelea. Neno hilo, mchakato, mtu akilitumia mara tatu mfululizo mkague mifuko.

Ikapita misimu miwili. Adhuhuri moja lori likaingia uani kwangu na mzigo wa kukoboa, magunia mapya yote ya aina moja. Dereva akasema ni mzigo wa Mwenyekiti, ametoka nao shambani. Nilijua Baba Mdogo amekodi majaruba Usangu, halikuwa jambo la siri, nusu ya wanachama walikuwa nayo. Vibarua wakaanza kumimina. Mimi nilikuwa nyuma napokea simu.

Mchele unapotoka kwenye mashine huwa wa moto. Harufu yake wakati huo ni kali kuliko hata ukiwa jikoni. Ilinifikia simu ikiwa bado sikioni. Kwanza nilifurahi, nikidhani mzigo wa bibi umekuja mapema. Nikatoka nikitabasamu, natafuta magunia yake ya zamani yaliyoshonwa kwa katani. Hayakuwepo. Nikachota mchele nikautia mdomoni mbichi, nikatafuna. Nikakaa juu ya gunia la Mwenyekiti.

Nilimaliza kuukoboa. Hilo watu huniuliza, kwa nini niliukoboa. Sijui. Mteja kaleta mzigo.

Jioni hiyo hiyo, kabla sijajua nitamkabili vipi, picha ikaja kwenye kundi la chemba la WhatsApp. Mfuko mpya, mweupe, umechapwa vizuri. Umeandikwa "Mchele wa Bibi," na chini yake "Harufu ya asili kutoka Madibira." Kulikuwa na mchoro wa bibi kizee mwenye ungo anacheka. Mimi ndiye niliyeuita mchele wa bibi, kikaoni, kwa mdomo wangu. Chini ya picha wanachama walikuwa wakishindana kuweka vidole gumba. Hongera Mwenyekiti. Hongera Mwenyekiti. Nilihesabu hongera mpaka simu ikazima.

Nilisubiri kikao, kwa sababu nilifundishwa kufuata utaratibu, na yeye ndiye aliyenifundisha. Tulipofika kwenye ajenda ya mengineyo, nikasimama. Nikasema jambo moja.

"Debe la mpunga nililolileta hapa halikwenda kupimwa. Lilipandwa. Naomba Mwenyekiti atuambie alilipanda kwa ruhusa ya nani."

Baba Mdogo alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mwanangu," akasema, "mbegu si mali ya mtu. Anayeotesha ni Mungu. Yule mama angekufa nayo chumbani, ikaliwa na panya. Sisi tumeiokoa. Na tumemuenzi, sura yake iko kwenye mfuko."

"Jina lake haliko. Jirani zake hawako. Hata punje moja kwenye mfuko ule haikutoka jaruba lake."

"Mambo huenda hatua kwa hatua."

Nikawageukia wengine. Nilitegemea mmoja angalau ataguna. Yule wa mbao aliangalia dari. Yule wa viazi, mwanamke mwenzangu, tuliozikiana wazazi, alikuwa anakwaruza rangi ya kucha. Ndipo nikaelewa, na nililielewa mwilini kabla ya akilini: walishagawiwa. Kila mwenye jaruba humo ndani alikuwa ameomba mbegu akapewa. Mimi tu ndiye ambaye sikupewa, kwa sababu mimi nina lami.

Muhtasari wa kikao kile ulipotoka, ulisema hivi: "Mjumbe mmoja alichangia kuhusu mbegu bora ya mpunga. Mchango ulipokelewa." Niliusoma mara nyingi nikitafuta nilipo ndani yake. Nikaandika barua ya kujiuzulu, na kwa mazoea nikaiandika kwenye karatasi yenye nembo ya chemba, nikaichana, nikaanza upya kwenye daftari la mwanangu.

Nikakimbilia Kihesa kwa mama. Mtu mzima mwenye wajukuu, nakimbilia kwa mama. Nilitaka mtu mmoja aseme kwamba nimetendewa vibaya, basi, nisinyweshwe hekima. Nilipofungua mlango harufu ilinipiga usoni. Ilikuwa imejaa sebule nzima, iko kwenye mapazia.

"Umekuja saa ya chakula," mama akasema kwa furaha. "Baba yako mdogo kaniletea mfuko mzima. Sijapata kula mchele kama huu tangu baba yako yuko hai."

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku mwiko uko mkononi. Alipoelewa, uso wake ulizeeka, nikaona anatafuta pa kusimama kati yetu.

"Yule alimlaza baba yako kaburini," akasema mwishowe. "Utamfanyaje? Mwachie Mungu." Akapakua sahani mbili.

Sikula. Nilimwona mama anakula peke yake, taratibu, bila ladha, na hilo nalo nikamwandikia Baba Mdogo kwenye deni lake moyoni. Alikuwa amenichukulia bibi, sasa ananichukulia na jiko la mama yangu. Nilichukia. Nalisema wazi, nilimchukia mtu niliyempenda, na chuki ya namna hiyo haina pa kukaa, maana kila kumbukumbu nzuri ya baba ina mtu yule pembeni yake, na baiskeli.

Nilichelewa kwenda Madibira. Wiki tano nilitafuta visingizio: mashine mbovu, mafua, mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa ungo ule kuliko mahakama. Nilipofika bibi alikuwa amekaa kivulini anachambua maharage. Sikungoja kukaribishwa. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamweleza kila kitu, mpaka yale ya kujiona daraja, mpaka la umakamu.

Alinisikiliza bila kuacha maharage.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Ilipotoa maua, huko ng'ambo ya mfereji. Harufu ilikuja na upepo asubuhi. Nikamwambia mwanangu, nani amelima mpunga yetu? Akasema mama, hakuna, ni pua. Nikasema siyo pua." Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Nikahesabu nani nimempa. Kuhesabu ilikuwa rahisi."

"Ulijua msimu mzima? Mbona hukunipigia, bibi? Mbona hukunitukana?"

"Ningekutukana ungerudi nayo?"

Alimwita mkwe wake apike. Nilikula wali wake nikiwa nimekaa kwenye mkeka kama mgeni wa siku zote, nikaongezewa, nikapewa maziwa mgando. Wakati wa kuondoka nilimuuliza, huku nimeshika mlango wa gari, kama ataleta tena mzigo kwangu. Sauti ilinitoka ndogo.

"Mashine yako haivunji mchele," akasema. "Nitaleta. Wabeja, asante, mayu. Salimia watoto."

Nililia njia nzima mpaka barabara kuu, kwa furaha. Nilikuwa nimesamehewa. Nilimsifu bibi kwa sauti peke yangu ndani ya gari, nikajiapia kwamba nitamkobolea maisha yake yote, nitakuwa sakafuni na ufagio mimi mwenyewe hata mgongo ukikatika.

Mavuno yalipofika, magunia yalikuja. Kumi na mawili, yameshonwa kwa katani. Nilikuwa nimesafisha mashine tangu asubuhi, nimewaambia wateja wengine wangoje. Lori liliposimama nilishatoka na ufagio wangu mkononi, nacheka tayari.

Mlango wa pili ukafunguka, mwanawe akashuka. Miaka yote ile alikuwa akiniita dada.

"Shikamoo, mama," akasema, macho yake kwenye matairi.

Nikaitikia. Nikamkaribisha kiti, akashukuru, hakukaa. Alikwenda akasimama kwenye mdomo wa mashine, akasimama gunia la kwanza, akasimama la pili, akasimama mpaka la kumi na mbili, pumba zinamwingia machoni. Mashine ilipozimwa nikainama nianze kufagia.

"Samahani," akasema. "Mama kasema nifagie mwenyewe."

Akaenda kwenye lori akautoa, ule ule wa majani ya nyikani, umefungwa kamba mpya. Akafagia chini ya mashine. Akafagia nyuma ya magunia. Alikuwa amekuja na njiti yake, akachokonoa ufa. Vibarua wangu walikuwa wanatazama, na safari hii hakuna aliyecheka. Kiganja kilipotimia alikileta kwenye mdomo wa mashine, akaniomba niwashe.

Nilitaka kumwambia kwamba ni kazi bure, kwamba mpunga ule sasa uko kwenye majaruba ya nusu ya chemba, unauzwa madukani na picha juu. Nikamwambia hivyo hasa.

"Mama anajua," akasema taratibu, bila ubaya wowote. "Kasema kwako nifagie hivyo hivyo."

Nikawasha mashine, nikasimama pembeni na ufagio wangu mkononi mpaka alipomaliza.